Sura ya 4: Elfu Nane Walishindwaje na Elfu Moja?

Kila anayesoma habari za Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki hufika Tanga, na akifika Tanga hukwama kwenye hesabu. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Fox ilitokea mbele ya mji huo, na nyuma yake msafara wa meli zilizobeba jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Mjini kulikuwa na kombania moja tu ya jeshi la Wajerumani, yaani kikosi cha watu kama mia mbili. Hata baada ya wenzao kuletwa kwa treni kutoka upande wa Moshi, walinzi wa Tanga walikuwa elfu moja hivi. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini. Waliacha nyuma bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000.

Darasani jambo hili huelezwa kwa orodha: jenerali aliyedharau adui, wanajeshi waliochoshwa na bahari, vichaka wasivyovijua, nyuki. Mwanafunzi hukariri, akapata alama zake. Lakini wakishatoka darasani watu huuliza jingine: ningekuwa mimi pale, na watu wale wale na saa zile zile, ningefanya nini tofauti? Na ingesaidia?

Upo mchezo uliobuniwa kwa ajili ya swali hilo. Sura hii ni ya mtu wa Nakuru, Njoro, Gilgil au Naivasha ambaye hajawahi kuucheza, hana vifaa vya ng'ambo, na angependa kuanza Jumamosi hii kwenye meza ya chakula.

Mchezo wenyewe ni upi

Mchezo wa vita vya kihistoria huchezwa juu ya ramani, au juu ya mfano mdogo wa mahali ambapo watu walipigana kweli. Kila mchezaji huongoza upande mmoja. Vikosi vyake ni vipande vya kadi au sanamu ndogo za wanajeshi. Husogea kwa zamu, kila zamu ikiwakilisha muda fulani wa vita vile, na mwendo, ufyatuaji na woga vyote vina sheria zake.

Kupanga mashambulizi kwa kete si jambo geni katika Bonde hili la Ufa. Ukitoka mjini Nakuru kuelekea Nairobi, kabla ya Lanet, utaona kilima cha mawe kinachoitwa Hyrax Hill. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, na mpaka leo wageni huonyeshwa vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Watu walikaa pale, ziwa likionekana chini yao, wakahesabu na kutekana kete. Anayejua bao tayari ana nusu ya akili inayotakiwa: kutazama mbele zamu tatu, na kukubali hasara hapa ili kupata kubwa kule.

Nusu ya pili ndiyo ngeni. Katika bao na drafti wachezaji huanza sawa, na kila kitu kiko wazi. Katika vita hakuna usawa: huyu ana watu wengi, yule ana reli. Wala hakuna uwazi, kwa kuwa kamanda haoni kilicho nyuma ya kichaka. Na kuna bahati. Bunduki hukwama, barua hupotea, kikosi kilichotegemewa hukimbia, na kile kilichodharauliwa husimama imara. Ndiyo maana mchezo huu hutumia dadu, kile kijiwe cha pande sita kinachotumika kwenye ludo. Ukiambiwa utampata adui kwa tano au sita, maana yake una nafasi moja kati ya tatu. Kamanda mzuri hawezi kuiamuru dadu. Anachoweza ni kupanga mambo yake ili dadu mbaya isimwangamize.

Ulikotoka

Baba wa mchezo huu ni ofisa wa serikali ya Prussia, ufalme ulioibeba Ujerumani ya baadaye, aliyeitwa von Reisswitz. Mwaka 1812 alimwonyesha mfalme meza yenye vipande vya ardhi vinavyopangika. Mwanawe aliuboresha, na mwaka 1824 akachapisha sheria za kuchezea juu ya ramani halisi za kijeshi, akiwa na dadu na mwamuzi. Mwamuzi ndiye aliyejua kila kitu, na wachezaji waliambiwa tu kile ambacho kamanda angekiona kwa macho yake. Wakuu wa jeshi walipouona wakaamua uingie katika mafunzo ya maofisa. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza Wajerumani Tanga miaka tisini baadaye, alilelewa katika jeshi hilo.

Mikononi mwa raia uliingia kwa nguvu kupitia mwandishi Mwingereza H. G. Wells. Kitabu chake cha 1913 kilifundisha vita vya wanajeshi wa bati sakafuni, mizinga midogo ikirusha vijiti. Mwaka mmoja baadaye vita vyenyewe vikaja. Mmarekani Charles Roberts alitoa mchezo wake wa kwanza wa ramani na vikadi mwaka 1954, na kitabu cha Donald Featherstone cha 1962 kikawaonyesha wengi kwamba sheria zinaweza kuandikwa nyumbani. Tangu hapo kuna matawi mawili makubwa: la sanamu ndogo zinazopakwa rangi, nyingi zikiwa na urefu wa milimita 28 au 15, na la ramani zenye vikadi. Sanamu hupendeza sana machoni, na kuzipaka rangi ni sanaa yenye raha yake. Hata hivyo kwa anayeanza hapa kwetu nasema bila kusita: anza na kadi. Sanamu zinaagizwa kutoka nje, zinalipiwa ushuru, na zitakuweka mwaka mzima ukijiandaa kucheza badala ya kucheza.

Vifaa vya kutosha

Vyote hivi vinapatikana kwenye duka la vitabu vya shule na jikoni kwako:

- karatasi mbili za manila, ziunganishwe kwa gundi ya karatasi;
- boksi moja la kadibodi la kukatwa vikadi;
- dadu nne au tano, hata za ludo;
- rula, au tepu ya fundi cherehani;
- kalamu za rangi, na daftari la kila mchezaji;
- watu watatu: wawili wa kucheza na mmoja wa kuamua.

Huyo wa tatu ndiye anayesahauliwa. Michezo mingi ya dukani imeandikwa ili watu wawili wacheze bila mwamuzi, na kwa sababu hiyo kila kitu huwekwa mezani wazi. Ukiwa na mwamuzi unaweza kuficha vikosi, na palipo na kuficha ndipo vita huanza kufanana na vita. Mpe kazi hiyo anayejua historia zaidi, si anayejua sheria zaidi.

Kuichora Tanga

Pima sentimita moja kwa mita 50. Rasi ya Ras Kasone iwe upande wa kulia wa manila, mji na bandari upande wa kushoto, kati yao iwe umbali wa sentimita 60 hivi. Pwani iko juu na kulia. Katikati yote jaza mashamba ya mpira na vichaka. Karibu na mji, kutoka juu kwenda chini, chora mtaro wa reli: mahali ambapo njia ya treni ilichimbwa ndani ya ardhi, na ambapo mwenye bunduki anaweza kulala akifyatua huku adui hamwoni. Usipochora kingine chochote, chora mtaro huo.

Tunacheza tarehe 4 Novemba, siku ya shambulio kubwa, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Kila zamu ni nusu saa, kwa hiyo zamu ni 12 tu. Kila kadi ni watu kama mia mbili, za Mjerumani pungufu kidogo.

Mwingereza ana kadi 18. Nne ni za kikosi cha Loyal North Lancashire na tatu za kikosi cha Kashmir: hao andika "hodari". Tatu ni za batalioni ya 101 na tatu za batalioni ya 98: "kawaida". Tatu ni za batalioni ya 63 na mbili za Rajput wa 13: hao andika "wamechoka". Si matusi. Watu wa meli zile waliondoka Bombay katikati ya Oktoba, wakasongamana baharini wiki mbili na zaidi, kisha wakashushwa ufuoni usiku na kusukumwa mbele kwenye jua la Tanga. Rajput wa 13 walikuwa wameshapigwa asubuhi ya jana yake.

Utasema kadi 18 za watu mia mbili hazifiki elfu nane. Ni kweli. Katika jeshi lolote la namna hiyo si kila aliyeandikwa kwenye hesabu hushika bunduki kwenye mstari wa mbele, na hapo tayari umejifunza jambo la kwanza kuhusu takwimu za vitabuni.

Mjerumani ana kadi saba, zote "hodari", tatu kati yake zikiwa na rashasha. Wengi katika kombania hizo walikuwa askari Waafrika waliozoea bunduki, jua na vichaka vya nchi ile. Tano zipo tangu mwanzo, lakini haziwekwi mezani. Mchezaji huchora zilipo kwenye daftari na kumwonyesha mwamuzi peke yake. Mbili bado ziko kwenye treni: kuanzia zamu ya nne, Mjerumani hutupa dadu kila zamu, na akipata nne au zaidi kadi moja inafika.

Sheria za kuanzia ni chache:

1. Kadi hutembea sentimita 20 barabarani, 10 vichakani.
2. Risasi hufika sentimita 10 mahali peupe, 4 kichakani.
3. Kadi ikifyatua hutupa dadu moja. Yenye rashasha hutupa tatu. Tano au sita ni pigo. Aliye mtaroni au ndani ya nyumba hupigwa kwa sita tu.
4. Kadi iliyopigwa hupima ari, yaani moyo wa kuendelea kupigana: hodari husimama akipata tatu au zaidi, wa kawaida nne, aliyechoka tano. Akishindwa anarudi nyuma mwendo mzima. Akishindwa mara ya pili anatolewa. Pigo la tatu humtoa vyovyote vile.
5. Kadi iliyofichwa huwekwa mezani pale tu inapofyatua au adui anapoikaribia sentimita 4.

Nyuki pia wamo. Mitini mlikuwa na mizinga ya nyuki, na risasi zilipoipasua walitoka wakashambulia pande zote mbili. Batalioni ya 98 walitawanywa nao. Ukitupa sita mbili pamoja ukimfyatulia aliye kichakani, nyuki wametoka: kila kadi iliyo ndani ya sentimita 10 kutoka hapo inapima ari, ya kwako pia.

Zamu moja kwa karibu

Tuseme ni zamu ya sita, saa tisa alasiri inakaribia. Mwingereza amesogeza kadi zake kwa mstari mpana kutoka Ras Kasone, na mstari umeanza kupinda: Lancashire na Kashmir wametangulia upande wa kaskazini, karibu na bandari, na batalioni ya 63 imebaki nyuma kidogo katikati ya miti ya mpira. Mbele hakuna adui hata mmoja mezani. Mchezaji anaanza kuamini kwamba mji umeachwa.

Anasogeza kadi ya 63 sentimita 10. Mwamuzi anamtazama Mjerumani, Mjerumani anaitikia kwa kichwa, na kadi yenye rashasha inawekwa mtaroni, sentimita 4 mbele yake. Dadu tatu: mbili, tano, sita. Mapigo mawili. Kadi ya 63 inapima ari na kupata tatu. Ilihitaji tano. Inarudi nyuma. Pembeni, kadi ya Kashmir inafyatua mtaroni: inahitaji sita, inapata nne.

Sasa kuna pengo katikati ya mstari wa Waingereza. Mwenye kadi 18 anajikuta anauliza swali ambalo hakulitarajia: nizibe pengo, au niwaache Lancashire waingie mjini? Mara nyingi wachezaji huwaacha waingie. Ndivyo ilivyokuwa hata siku yenyewe. Lancashire na Kashmir walifika mjini na kuishusha bendera ya Ujerumani kwenye hoteli ya Deutscher Kaiser. Wakati huo huo, upande wa kusini, von Lettow-Vorbeck alikuwa anakusanya nguvu zake za mwisho kuwazunguka Waingereza kwa pembeni. Mezani, Mjerumani akipata ile kadi yake ya treni katika zamu ya saba au ya nane na kuituma kusini, huwa mambo yamekwisha. Batalioni ya 101 husimama, hupigwa pande mbili, na mstari wote huviringika kuelekea baharini.

Ndiyo maana kadi nyingi hazisaidii sana. Kichakani risasi hufika sentimita 4, na ndani ya sentimita 4 hukusanyi kadi 18. Mnapigana tatu kwa moja, pengine mbili kwa moja, na huyo mmoja yuko mtaroni.

Kwa ufupi hadi hapa: uwanja hupunguza faida ya wingi; kufichwa huongeza nguvu ya wachache; ari huvunja kikosi mapema kuliko risasi.

Kubadilisha kitu kimoja

Mcheze mara ya kwanza kama ilivyoandikwa. Kisha mbadilishe jambo moja tu, mcheze tena. Jambo moja, si matatu, la sivyo hamtajua ni lipi lililoleta tofauti.

Mpe Mwingereza upelelezi. Jenerali Arthur Aitken, kamanda wa Waingereza, hakutuma watu kuchungulia mji kabla ya kushambulia. Mwenzake von Lettow-Vorbeck, alipofika kwa treni usiku wa kuamkia tarehe 4, alizunguka mji mwenyewe kwa baiskeli mpaka karibu na ufuo. Mwamuzi amwonyeshe Mwingereza kadi mbili za adui tangu mwanzo. Utaona pengo la katikati halitokei kirahisi.

Au mpe kadi mbili za King's African Rifles, "hodari". Aitken alipopitia Mombasa alipewa nafasi ya kuwachukua askari wa jeshi hilo, wenyeji wa eneo hili la Afrika, akakataa. Kadi mbili ni chache mbele ya 18, lakini waweke kusini na uone Mjerumani anavyohangaika kutafuta pembe ya kuzungukia.

Badiliko lililonifundisha zaidi ni la saa. Rudisheni mchezo nyuma hadi mchana wa tarehe 2. Katika historia, Kapteni Caulfeild wa meli ya Fox alishuka Tanga kutoa onyo kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha, akawapa Wajerumani saa moja ya kujisalimisha, na akauliza kama bandarini kuna mabomu yaliyotegwa. Mkuu wa wilaya, Auracher, aliomba nafasi ya kushauriana na wakubwa wake, na simu ikaenda kwa von Lettow-Vorbeck. Bandari haikuwa na mabomu, lakini Waingereza walitumia saa nyingi kuyasaka, wakasubiri giza, kisha wakashukia Ras Kasone mbali na mji. Chezeni tofauti: meli ziingie bandarini moja kwa moja, hata kama ni kadi nne tu za Lancashire zinazoshuka siku hiyo. Mjerumani ana kadi moja. Treni bado iko mbali.

Hapo Mwingereza hushinda, na hushinda kwa urahisi unaoshtua. Kwa hiyo mtu anayeuliza elfu nane walishindwaje na elfu moja anapaswa kuulizwa pia: saa ngapi? Mchana wa tarehe 2 ilikuwa elfu nane kwa mia mbili. Kila saa iliyopita ufuoni ilibadilisha hesabu hiyo, na reli ndiyo iliyokuwa inaibadilisha. Niliyasoma hayo yote vitabuni kabla sijayacheza, na sikuona uzito wake mpaka nilipokaa upande wa Mjerumani, kadi moja mkononi, nikiiomba dadu iniletee treni.

Wasiokuwa na kadi

Vita vya Tanga vilikwisha kwa siku tatu, lakini kampeni iliyofuata ilidumu hadi Novemba 1918. Ukitaka kucheza kampeni nzima, usithubutu kuandaa mchezo usio na wapagazi. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubeba unga, risasi na majeruhi wa majeshi yale, makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa njaa na maradhi. Kuna michezo mizuri ya dukani ambayo humwacha kamanda atembeze vikosi vyake kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji bila kuuliza nani alibeba chakula. Michezo hiyo inadanganya. Tengeneza kadi za wapagazi, fanya kila kikosi kishindwe kusonga bila wao, na andika hasara yao kwenye daftari pamoja na ya wanajeshi.

Karibu na nyumbani: Naivasha, 1953

Baada ya Tanga wengi hutaka vita vya kwao. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wapatao 80 wa Mau Mau, wakiongozwa na Mbaria Kaniu, walivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Waliwatoa wafungwa 173 waliokuwa wamezuiliwa kando yake, wakaondoka na bunduki na risasi. Miezi michache baadaye, mnamo Juni, Uingereza ilimleta Jenerali George Erskine kuongoza majeshi nchini.

Kwa mchezo mdogo sioni kisa kinachouzidi huu. Watu wachache, mahali pamoja, usiku mmoja. Hapa ushindi haupimwi kwa waliouawa. Pima kwa vitu viwili: bunduki zilizotoka ghalani na wafungwa waliotoka nje. Mshambuliaji agawe watu wake makundi mawili kabla ya kuanza, na akishagawa asibadilishe. Kila zamu mwamuzi atupe dadu ya kengele: mwanzoni polisi huamka kwa sita tu, zamu inayofuata kwa tano au sita, na kuendelea hivyo. Mchezo mzima huisha kwa dakika arobaini, na kinachobishaniwa baadaye ni kile kile: tungeondoka dakika gani?

Usiku huo huo kulitokea mauaji ya Lari, ng'ambo ya ukuta wa bonde, ambako familia zilichomwa ndani ya nyumba zao, na visasi vya waliokuwa upande wa serikali vikafuata. Lari haichezwi. Pale hapakuwa na makamanda wawili wanaopimana akili. Walikuwepo watu waliouawa na majirani zao. Kwa sababu hiyo hiyo mtu yeyote asikuletee mezani Nakuru na Naivasha za Januari 2008. Waliopoteza watu na nyumba wako hai, huenda mmoja wao yuko kwenye meza hiyo hiyo. Kipimo changu ni hiki: kama upande mmoja haukuwa na uamuzi wowote wa kufanya isipokuwa kukimbia au kufa, huo si mchezo. Na hata Naivasha, kabla ya kuicheza mbele ya wazee, waulizwe kwanza. Wengine watakataa. Wengine watavuta kiti na kukurekebisha mahali ulipochora lango.

Vita visivyo na karatasi: Menengai

Juu ya mji wa Nakuru iko kreta ya Menengai, na juu ya kreta ziko simulizi za Wamaasai. Katika vita vya Ilpurko na Ilaikipiak, makundi mawili ya Wamaasai, vya miaka ya 1870 hivi, wakati wa laiboni (kiongozi wa kiroho) Mbatian, wapiganaji wa Ilaikipiak wanasemekana kusukumwa hadi ukingoni wakaanguka ndani. Hakuna ripoti ya afisa, hakuna idadi ya vikosi, hakuna ramani ya siku ile. Anayeanza huona kwamba vita vya namna hiyo haviwezekani kuandaliwa. Vinawezekana, ila kwa njia nyingine.

Kusanya masimulizi mawili au matatu yanayotofautiana, kutoka kwa watu tofauti. Usiyachanganye kuwa moja. Kwa kila simulizi andaa mchezo wake: nani alikuwa juu, nani alitoka wapi, waliovamiwa walijua au hawakujua. Kisha panda mwenyewe mpaka ukingoni, pale magari ya watalii husimama, na utembee kandokando ukiwa na daftari. Angalia mteremko wa nje ulivyo wa pole na ukuta wa ndani ulivyokatika ghafla. Jiulize mtu aliyebeba mkuki na ngao, akirudi kinyumenyume mbele ya adui, angeuona ukuta huo akiwa hatua ngapi kutoka kwake. Hilo ndilo litakalokuwa sheria yako ya kwanza: kadi inayorudi nyuma kuelekea ukingo inapata nafasi ya kugeuka ubavuni ikiwa tu haijafika umbali huo uliouandika.

Ukirudi nyumbani, cheza masimulizi yote, kila moja mara kadhaa. Pengine moja litakataa kutokea: kila ukilicheza, Ilaikipiak wanapata njia ya kutorokea kandoni mwa kreta. Hilo halimfanyi msimulizi kuwa mwongo. Huenda kuna jambo hakulitaja kwa kuwa kwake lilikuwa wazi mno, kama vile ukungu wa asubuhi au kundi la pili lililokuwa limelala njiani. Rudi kwake ukamwulize hilo hasa, daftari mkononi.